Mama mwenye damu hasi asiachiwe kutafuta sindano mwenyewe

Mjamzito anapofika kliniki kwa mara ya kwanza hutolewa damu. Hupimwa wingi wa damu, kaswende, virusi vya Ukimwi na kundi la damu, na majibu yanaandikwa kwenye kadi. Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki nafasi ya kundi la damu hujazwa O chanya, A chanya au B chanya, na hakuna anayeiangalia tena mpaka siku atakapohitaji kuongezewa damu. Kwa wachache, kati ya 3 na 5 hivi katika kila 100, huandikwa hasi. Hapo muuguzi humwambia, "Mama, damu yako ni hasi. Ukishajifungua utahitaji sindano, kwa hiyo anza kujiandaa." Kisha huitwa anayefuata kwenye benchi.

Nataka kuzungumzia maandalizi hayo, na hasa nani anayepaswa kuyafanya. Katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya, mzigo wote umeangukia mwanamke mwenyewe. Ndiye anayetakiwa kukumbuka, kuulizia duka la dawa lenye sindano ya anti-D (ndiyo inayomkinga mtoto wa mimba ijayo), kupata fedha, na kuhakikisha anachomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, wakati kidonda bado kinamuuma na maziwa ndiyo kwanza yanatoka. Mimi naona huo ni uzembe wa kimfumo, na watoto wanaokufa au kulemaa kwa sababu yake hawapaswi kuhesabiwa miongoni mwa bahati mbaya.

Rh ni jina la alama zilizo juu ya chembe nyekundu za damu, na iliyo muhimu kuliko zote huitwa D. Mwenye D ana damu chanya, asiye nayo ana damu hasi. Kuwa hasi si ugonjwa. Mtu anaweza kuzeeka na kuzikwa bila kujua kwamba alikuwa hasi. Hatari huja pale mwanamke aliye hasi anapobeba mtoto aliyerithi D kutoka kwa baba yake. Kwa kawaida damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki, kwa sababu kondo la nyuma hupitisha chakula na hewa huku likizitenganisha damu hizo mbili. Lakini kondo linapobanduka wakati wa kujifungua, kiasi kidogo cha damu ya mtoto huingia kwenye mishipa ya mama. Mwili wake, ambao haujawahi kukutana na D, huiona kama mvamizi na kuanza kutengeneza kingamwili za kuishambulia.

Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Mtoto wa kwanza ameshazaliwa, ameshapewa jina, ananyonya, hana neno. Ndiyo maana mama wengi huambiwa habari ya sindano na kuipuuza, maana wanachokiona mbele yao ni mtoto mzima. Lakini mwili hausahau. Katika mimba inayofuata, mtoto akiwa chanya tena, kingamwili zile huvuka kondo na kuanza kuvunja chembe nyekundu za mtoto tumboni. Hali ikiwa nyepesi, atazaliwa na upungufu wa damu. Ikiwa nzito, moyo wake hulemewa, mwili mzima hujaa maji, na hufa kabla ya kuzaliwa. Akizaliwa hai, macho na ngozi huwa njano ndani ya saa 24 za mwanzo, na ile rangi ya njano, bilirubini, ikizidi kiwango huingia kwenye ubongo na kuuharibu. Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo na wengine wasiosikia wamefikia hapo kwa njia hii. Na kwa kawaida kila mimba huwa na hali mbaya kuliko iliyoitangulia.

Sasa mtazame mwanamke huyu kwa macho ya ukoo alioolewa. Mtoto wa kwanza yupo, anakimbia uwanjani. Wa pili aligeuka njano akafa siku ya tatu. Wa tatu alizaliwa mfu. Hakuna aliyewaeleza kitu, na pasipo maelezo watu hujitengenezea ya kwao. Watasema ana jini mahaba linalomlia watoto, au kuna mkono wa mtu, au kizazi chake kimefungwa. Mume atashauriwa na mama yake aoe mke mwingine, na kwa kuwa mke wa pili karibu hakika atakuwa na damu chanya kama wanawake wengine 95 au zaidi katika 100, atazaa watoto wazima mfululizo. Kwa ukoo, huo ndio ushahidi uliokuwa unasubiriwa. Na kuna linalozidisha utata. Baba mwenye damu chanya anaweza kuwa amebeba urithi wa D nusu tu, kwa hiyo baadhi ya watoto wake na huyu mke wa kwanza watakuwa hasi kama mama yao, na hao watapona. Afe wawili, apone mmoja, afe tena. Ukiutazama mfuatano huo bila elimu ya damu, ni vigumu mno usiuite mkosi.

Upande wa pili kuna kosa linalofanywa na waliosoma nusu. Siku hizi vijana wanapima kabla ya ndoa, jambo jema kabisa, lakini wengine wakishapokea majibu huambiwa na marafiki au hata na watu waliovaa makoti meupe kwamba damu zao haziendani, waachane. Nimechoshwa na ushauri huu. Mmoja kuwa A na mwingine O si sababu ya kuvunja uchumba. Mwanamke chanya na mwanamume hasi hawana tatizo ninaloandika hapa. Mwanamke hasi na mwanamume hasi, watoto wao watakuwa hasi, hawana haja hata ya sindano. Wanaohusika ni mwanamke hasi na mwanamume chanya peke yao, na hao wanachohitaji ni huduma ya hospitali iliyokuwepo kabla wazazi wa wengi wao hawajakutana.

Wapo pia wanaosema damu hasi ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba huko Ulaya karibu watu 15 katika 100 ni hasi, na miongoni mwa Wabaski wa mpakani mwa Uhispania na Ufaransa idadi ni kubwa zaidi. Lakini Waafrika walio hasi hawakuazima hali hiyo kwa mtu. Kwa Wazungu wengi walio hasi, jeni ya D haipo kabisa. Kwa Waafrika wengi walio hasi, jeni ipo lakini ina hitilafu inayoifanya isifanye kazi, na hitilafu hiyo ni ya asili ya Afrika. Madaktari wanaotaka kujua kundi la mtoto aliye tumboni kwa kupima chembechembe za vinasaba vyake katika damu ya mama, kama inavyofanyika Denmark na Uholanzi, lazima wazingatie tofauti hii, la sivyo kipimo kitasoma chanya mahali ambapo mtoto ni hasi.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1939 Philip Levine na Rufus Stetson waliandika kuhusu mama wa New York aliyepoteza mtoto tumboni, kisha akadhurika alipoongezewa damu ya mumewe mwenyewe. Mwaka uliofuata Karl Landsteiner na Alexander Wiener wakaitambulisha Rh. Katika miaka ya 1960 makundi mawili, Ronald Finn na Cyril Clarke pale Liverpool, na Vincent Freda, John Gorman na William Pollack kule New York, yalifikia wazo lilelile kila moja kwa njia yake: mpe mama kingamwili za D kutoka kwa mtu mwingine mara tu anapojifungua, zikaondoe chembe za mtoto kabla kinga ya mama haijazikariri. Mwaka 1968 sindano iliidhinishwa Marekani. Huko Uingereza vifo vilivyosababishwa na tatizo hili vilikuwa 46 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa kabla ya 1969. Kufikia 1990 vilikuwa 1.6.

Dawa hii hutoka kwa binadamu. Wachangiaji wachache wenye kingamwili za D kwa wingi hutoa utegili wa damu (plazma), nao husafishwa na kugawanywa katika dozi. James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 88, alichangia mara 1,173 katika maisha yake, na wahudumu wa damu wa nchi hiyo wanakadiria kwamba watoto milioni 2.4 walinufaika. Kwa kuwa chanzo ni watu, dawa haiwezi kumwagika sokoni kama paracetamol. Hata Marekani imepata uhaba miaka ya karibuni. India sasa inatumia pia anti-D inayotengenezwa maabara bila kutegemea wachangiaji, na kwa nchi zetu, ambazo dawa nyingi zinatoka India, hilo ni la kufuatiliwa na mamlaka za dawa kwa makini.

Turudi wodini. Sindano hii hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Bei yake Kenya ni maelfu ya shilingi, na Tanzania huhesabiwa kwa makumi au hata mamia ya maelfu. Sera ya Tanzania inasema huduma za mjamzito ni bure, na Kenya ilitangaza uzazi wa bure katika hospitali za umma mwaka 2013, lakini mara nyingi anti-D hubaki nje ya ahadi hizo. Mama wa kijijini akijifungua Ijumaa jioni katika kituo cha afya, saa 72 zinaisha Jumatatu jioni. Duka la kwanza lenye dawa hiyo pengine lipo makao makuu ya mkoa. Mume atapanda basi Jumamosi, kama nauli ipo. Akiipata, ataisafirisha kwa joto gani, ndani ya mfuko wa plastiki? Na akiifikisha, je, bado inafaa? Hakuna muuguzi anayeweza kumjibu. Familia inalipa fedha nyingi kwa ajili ya kitu ambacho huenda kimekwisha nguvu njiani.

Hoja ninayoisikia kwa wanaopanga bajeti ni kwamba wahusika ni wachache, dawa ni ghali, ikiagizwa itakaa mpaka iishe muda. Tufanye hesabu pamoja. Chukua hospitali ya wilaya inayozalisha akina mama 1,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 4 katika 100, walio hasi ni 40. Kwa kanuni za urithi, mahali penye kiwango hicho, takriban watoto 8 katika kila 10 wa mama hao watakuwa chanya, yaani 32. Dozi 32 kwa mwaka ni chini ya tatu kwa mwezi. Hospitali tayari ina friji ya chanjo, na dozi tatu hazijazi hata pembe ya rafu moja. Uchache huo unaotajwa kama sababu ya kutonunua ndio hasa unaoifanya gharama ibebeke na wilaya nzima. Unapoachwa kwa familia moja moja, gharama ileile inaua.

Na faida yake inajulikana kwa tarakimu. Mwanamke hasi aliyezaa mtoto chanya, ikiwa makundi yao ya A, B, AB na O (ABO) yanaafikiana, bila sindano ana uwezekano wa kama 16 katika 100 wa kutengeneza kingamwili. Akichomwa baada ya kujifungua, uwezekano hushuka hadi 1 au 2. Akichomwa pia katika wiki ya 28 ya ujauzito, hushuka chini ya 1. Shirika la Afya Duniani lina tahadhari kuhusu hiyo sindano ya wakati wa ujauzito: katika mwongozo wake wa 2016 lilisema itolewe katika mazingira ya utafiti tu. Naielewa tahadhari hiyo kwa nchi yenye dozi chache, maana dozi ya wiki ya 28 hutumika pia kwa mama ambao watoto wao watakuja kuwa hasi. Kama lazima tuchague, tuanze na waliojifungua. Lakini sindano ya baada ya kujifungua haina mjadala wa kitaalamu popote, na anti-D imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo. Kwa hiyo mtu asijifiche nyuma ya mwongozo huo kuhalalisha friji tupu.

Kuna milango mingine ambayo damu ya mtoto hupitia, na hii husahaulika hata katika hospitali zenye dawa. Mimba iliyoharibika baada ya miezi mitatu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kutokwa na damu katikati ya ujauzito. Kuanguka na bodaboda, au kupigwa tumboni na mume. Wote hawa, wakiwa hasi, wanahitaji kufikiriwa sindano ndani ya saa zilezile 72, lakini mama aliyepoteza mimba huondoka wodini kimya, hakuna mtoto wa kumkumbusha mtu, na kadi yake inawekwa kabatini. (Mimba iliyotoka kabla ya wiki 12 ni suala jingine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022 hauitaki sindano hapo, na kujua hilo kunaokoa dozi.)

Mlango unaoniumiza zaidi uko wodi ya watoto. Katika maeneo ya malaria, watoto wengi chini ya miaka mitano huongezewa damu kwa sababu ya upungufu mkali. Msichana wa miaka mitatu aliye hasi akifika usiku akihema, na benki ya damu ina chanya peke yake, ataongezewa chanya, na ni sawa, kwa sababu uhai wa usiku huo unatangulia. Lakini damu hiyo inaweza kumwachia kingamwili miaka ishirini kabla ya mimba yake ya kwanza. Mama yake anapaswa kuambiwa, na liandikwe kwenye kadi ya mtoto kwa wino usiofutika. Atakapokuwa mkubwa, ule usemi kwamba mimba ya kwanza huwa salama hautamhusu.

Hapo ndipo umuhimu wa kipimo cha kutafuta kingamwili unapoonekana. Sindano ya anti-D huzuia, haiponyi. Mwanamke ambaye mwili wake umeshatengeneza kingamwili za D hawezi kusaidiwa nayo hata akichomwa kumi. Bado wapo wanaouziwa kwa bei ileile, wakarudi nyumbani wakiamini wamekingwa, kwa sababu maabara ilipima kundi la damu na kuishia hapo. Mama wa aina hii anahitaji kufuatiliwa kwa ultrasound ya kasi ya damu katika mshipa wa ubongo wa mtoto, na ikilazimu, mtoto kuongezewa damu akiwa bado tumboni, jambo lililofanikishwa kwa mara ya kwanza na William Liley kule Auckland, New Zealand, mwaka 1963. Katika ukanda wetu vituo vinavyoweza hilo ni vichache mno. Ndiyo maana rufaa yake iandikwe mapema, wiki nyingi kabla ya uchungu, na ajifungulie mahali penye taa za kutibu manjano na uwezo wa kumbadilishia mtoto damu.

Kwa mama ambaye mimba yake imekwenda vizuri, nina machache. Akipita saa 72 bila sindano asikate tamaa. Kuchomwa hata ndani ya siku 10 kunaweza kusaidia. Kama hospitali haina namna ya kupima kundi la mtoto kutoka damu ya kitovu, achomwe tu. Mtoto akiwa njano siku ya kwanza, asimwanike juani akisubiri kesho. Kwenye ngozi nyeusi njano hufichika, kwa hiyo atazame weupe wa macho na fizi akiwa kwenye mwanga wa mchana. Na mume apimwe. Kipimo chake ni tone la damu, na akiwa hasi familia inaokoa fedha zote. Hata hivyo nesi na amuulize mama hilo wakiwa wawili peke yao, kwa sababu si kila mume ndiye baba wa mimba, na hakuna mwanamke atakayelisema hilo mbele ya mama mkwe.

Ninachowadai wakubwa ni kidogo na kinapimika. Bohari ya Dawa kwa Tanzania na KEMSA, wakala wa dawa wa serikali, kwa Kenya waiweke anti-D katika mgao wa kawaida wa wodi ya wazazi, pamoja na oksitosini ya kuzuia mama kutoka damu nyingi, ipelekwe kwa idadi ya wanaojifungua badala ya kusubiri oda. Kisha katika vitabu vya MTUHA (vya takwimu za afya) na vinavyofanana navyo upande wa Kenya ziongezwe safu mbili: wenye damu hasi waliojifungua mwezi huu, na waliochomwa sindano kabla ya kuruhusiwa. Mganga mkuu wa wilaya akidaiwa tarakimu hizo mbili kila mwezi, kama anavyodaiwa za chanjo, atajua ni akina mama wangapi walitoka wodini kwake bila kinga, na wale ambao zile siku 10 zao bado hazijaisha anaweza kuwapigia simu.